Silii, Ni Vizibo Tu

Siku tuliyomzika kaka yangu Anaeli nilikaa mstari wa mbele chini ya turubai, kwenye vile viti vya plastiki vinavyopinda miguu ukijiegemeza. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu si ndiye yule Babu Chemchem? Mbona leo macho makavu?" Mwenzake akamjibu, "Aliyamaliza mwaka ule." Nikasikia. Masikio yangu ni mazima, ni macho tu yaliyonitesa. Nikataka kugeuka nimweleze, kama nilivyowaeleza watu mwaka mzima mpaka koo likakauka kuliko macho yenyewe, lakini mchungaji alikuwa anasoma, na mtu hageuki kwenye maziko ya ndugu yake akaanza kusimulia habari za hospitali. Basi nitazisimulia hapa. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiniona nimeacha njia nisubiri hapo hapo, nitarudi.

Macho yangu yaliharibiwa na unga. Daktari alisema ni uzee, mimi nasema ni unga, na kati yangu na yeye nani aliyekuwa ndani ya macho hayo? Toka ujana wangu nilisimamia mashine ya kusaga pale Levolosi, mashine ya Mzee Shabani, Mrangi mmoja mwenye maneno mengi, Mungu amrehemu. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha la maana. Akina mama wanapanga ndoo mlangoni, mahindi yanashuka, mkanda unalia, na ule unga laini kabisa, ule usioingia kwenye mfuko wa mtu, unapanda juu kisha unashuka juu yangu. Nyusi nyeupe, kope nyeupe. Shabani alikuwa akipiga kelele juu ya mashine, "Wewe Mmeru, ukifa hatukuoshi, tunakukanda tu!" Nikimjibu kwamba mkate wangu hataumaliza. Tulicheka sana kwenye chumba kile. Lakini nilipostaafu nikahamia Moshono kwa binti yangu Neema, unga ukaanza kudai haki yake. Asubuhi nikifumbua macho ni kama kope zimebandikwa msasa kwa ndani. Nikitazama mwanga, yanaungua. Nikimtazama mtu akiongea, kabla hajamaliza nimeshafumba, naye anadhani nimelala au nimemdharau. Neema akasema baba, twende.

Daktari alikuwa binti mdogo, mdogo kuliko wajukuu zangu wengine, lakini mwenye adabu. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba. Akanikunjulia jicho huku na huku, akaweka kikaratasi chini ya kope, akakitazama kama mtu anayetazama mvua isiyonyesha. Akasema, "Babu, machozi yako ni machache, na hayo machache yanakimbia. Hapa kwenye pembe, karibu na pua, pana kitundu. Yanaingia hapo yanashukia puani. Tukikiziba na kizibo kidogo, yatabaki machoni."

Nikamuuliza, "Unaziba mfereji?"

"Ee babu, kama mfereji."

"Na ukifurika?"

Akacheka. "Kwa macho haya? Haufuriki."

Sasa mimi nimekulia kwenye mifereji. Kule juu kwetu, mteremkoni mwa Meru, maji ya shamba yanaletwa kwa mfereji kutoka mtoni, kila nyumba na zamu yake, na kuziba tunaziba kwa gogo la mgomba na udongo. Hata mtoto wa kwetu anajua huzibi chini bila kuweka pa kuchepukia juu. Lakini mtu akishavaa koti jeupe unamwachia, ndivyo tulivyolelewa, na huo ndio ujinga wetu. Akatoa vidude viwili, kila kimoja kama punje ya ulezi, akachomeka kimoja huku na kingine huku kwa kikoleo chembamba. Sikusikia maumivu. Akaniambia nisisugue macho hata yakiwasha vipi. Nikaahidi. Na nisiwe mwongo, siku za kwanza nilimwombea baraka binti yule. Niliuona mlima hadi mikunjo yake. Nilisoma nyimbo kanisani bila kubahatisha mistari. Nikamwambia Neema hata wewe una mvi, sikujua, naye akanuna mpaka jioni.

Kisha upepo wa kiangazi ukaanza, na mfereji ukafurika. Sikuwa nalia, jamani. Nataka hilo lieleweke mapema. Nilikuwa nimekaa tu barazani nachambua maharage, moyo wangu shwari, nimeshiba chai na kiazi kitamu, na machozi yanashuka mashavuni kama mtu aliyefiwa na mji mzima. Nikifuta yanakuja mengine. Leso inalowa, natoa nyingine. Na kwetu mwanamume mzima halii hadharani, hata kwenye msiba anageuza uso akatazama migomba. Mimi sikuwa na mahali pa kugeuzia uso, maana kila upande ulikuwa na mtu anayesema pole. Pole babu. Pole mzee wangu. Nani tena amefariki? Mwuza nyama aliniongezea kipande cha mbavu bila kuombwa, na nilipomwambia silii, ni vizibo tu, akaongeza na ini. Vijana wa bodaboda pale njia panda ndio walionipa lile jina. "Shikamoo Babu Chemchem! Leo maji yamefika?" Nawarushia fimbo, wanacheka, mimi nalowa. Mama mmoja nisiyemjua kabisa alinishika mikono yote miwili dukani akaanza kuniombea kwa sauti, akimkemea shetani wa upweke. Nikamwambia mama, mimi si mpweke, nimezibwa. Akazidisha sauti.

Lililoniudhi zaidi lilitokea jikoni kwa Neema. Akina mama wa jumuiya walikuja na sukari na sabuni, kama wanavyokwenda kwa mgonjwa, na mimi nilikuwa chumbani nimelala chali na kitambaa cha maji baridi machoni. Ukuta wenyewe ni wa mbao. Nikasikia mmoja anasema, polepole, kwa ile sauti ya kujifanya hataki kusema, "Neema, mdogo wangu, sisi si wambea. Lakini mzee analia barazani kila siku ya Mungu. Anakula?"

"Anakula kuliko mimi," Neema akasema.

"Na lugha unayomtolea?"

Nikasikia sufuria inawekwa chini kwa nguvu. "Lugha gani? Baba ana vizibo machoni!"

"Vizibo," yule mama akarudia, kama anayeonja mchuzi usio na chumvi.

Nikatoka na kitambaa changu mkononi, maji yananitiririka hadi kidevuni, nikawaambia binti yangu ananilea vizuri, hana kosa lolote, silii mimi. Wakatazamana. Mmoja akaanza kulia yeye. Tukarudi kwa daktari. Akasema vumilia babu, jicho litazoea. Jicho litazoea! Jicho lilikuwa limeshazoea, ni watu waliokuwa hawajazoea. Na kila nikitazama upande wa pua kile kizibo cha kulia kilikuwa kinakwaruza kama punje ya mchanga, na nikisema hivyo wananiambia usisugue.

Sasa nije kwa kaka, maana ndiye aliyenikalisha niandike. Anaeli alikuwa mkubwa wangu, shamba lake na langu yanapakana kule juu, na mfereji unapita kwake kwanza ndipo ufike kwangu. Kiangazi kimoja, kabla ya haya ya macho, ilikuwa zamu yangu na maji hayakuja. Kabichi zangu zilikauka zimesimama. Nikapanda kufuata mfereji, nikakuta gogo la mgomba limekaa mahali pake kwa kaka, limekandikwa udongo vizuri, na nyanya zake zinakunywa. Yeye alisema aliyeziba si yeye, ni kibarua. Mimi nikasema kibarua hana nyanya. Maneno yakazaa maneno, na tangu siku hiyo sikumwamkia. Mdogo kumnyima mkubwa wake shikamoo ni jambo zito, linatembea kijiji kizima. Kwetu ugomvi kama huo hauna mahakama, una jani la isale tu. Aliyekosa analikata pale mpakani, analifunga fundo, analipeleka kwa mwenziwe, na akishalipeleka huwezi kumkatalia, hata awe amekuchomea nyumba. Basi mimi nikawa namngoja kaka alilete, kwa kuwa alininyima maji. Kaka naye akawa ananingoja mimi nililete, kwa kuwa nilimnyima shikamoo. Masale yamejaa mpakani, yanaota tu. Tukapita msiba wa dada yetu, yeye kona hii mimi kona ile. Watoto wetu wakawa wanasalimiana kwa kujificha. Nilikuwa nimeshahesabu moyoni kwamba mmoja wetu atamfukia mwenzake hivyo hivyo, na nilikuwa radhi. Siandiki hivyo kwa majivuno, ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka ule wa vizibo, sikukuu ya mavuno ilipofika, Neema akanipandisha kanisani kule juu. Nikabeba mkungu wangu wa ndizi. Kanisa limejaa, madhabahuni mahindi, maboga, kuku wamefungwa miguu, mbuzi amefungwa nje anaitikia kila amina. Nilikaa upande wa wanaume mbele, kaka amekaa upande wa dirisha, tumeachana kama siku zote. Mchungaji akahubiri juu ya ndugu wasiosemezana. Simlaumu, alikuwa anatujua. Lakini mlango ulikuwa wazi, upepo wa mlimani unaingia na vumbi, na macho yangu yakafanya kazi yake. Nilifuta kwa leso, nikafuta kwa mkono wa koti. Nilipoinua uso nikakuta mchungaji amenyamaza ananitazama, naye machozi yanamlengalenga. Nikajua nimekwisha.

"Wapendwa," akasema, "neno limegusa mtu."

Nikanyoosha mkono. "Mchungaji, mimi silii, ni viz—"

Kwaya ikapokea. Mwalimu wa kwaya yule alikuwa mtu wa haraka sana, hakungoja hata mchungaji ampe ishara. Kanisa zima likasimama, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi nimekaa katikati nanyoosha mkono kama mtoto anayeomba kwenda chooni. Ndipo nikamwona kaka anatoka pale dirishani. Alikuwa ameanza kutembelea fimbo. Alikuja taratibu, goti moja halikunji, watu wanampisha. Nikasema moyoni sasa huyu anakuja kupokea ombi langu la msamaha, mimi niliyekaushiwa kabichi! Nikitaka kuondoka, nyuma yangu benchi, mbele yangu kaka, juu yangu wimbo. Akanikumbatia. Alinukia moshi wa jikoni na maziwa, kama nyumba ya mama yetu. Nikamwambia sikioni, kwa hasira, "Silii mimi. Ni vizibo vya hospitali."

Akaniambia, "Nyamaza, Zefa. Watu wanaimba."

Nikanyamaza. Ungefanya nini? Nikamwamkia, maana mdomo ulishakuwa karibu na sikio lake na kanisa zima linatazama. "Shikamoo kaka." Akaitikia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa yule mbuzi. Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa mavuno. Mkungu wangu ulipoinuliwa, kaka akaupandia dau, wenzake wakaliongeza, akaupandia tena mpaka akaupata. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Mpeni mdogo wangu. Amelia sana, arudishe nguvu." Wakacheka hadi wakashika mbavu. Nikarudi Moshono na ndizi zangu mwenyewe.

Basi ikawa ndiyo habari ya kijiji. Zefania alimlilia Anaeli. Kaka akipita kwa majirani anasema, "Mdogo wangu alilia pale, nikamwonea huruma." Maji sasa yalikuwa yanakuja, siku ya zamu yangu yanakuja mapema kabla sijafika kutoka Moshono, siwezi kusema hayakuja. Nilikuwa napanda kumsalimu, tunakula pamoja, mkewe Mama Joshua ananipakulia wa kwanza. Lakini kila tonge lilikuwa linanikwama. Amani yenyewe niliitaka, nilikuja kujua hivyo niliposikia namkosa kaka siku mbili tu akiwa na mafua. Lakini niipate kwa sababu ya kidude cha mpira jichoni? Na sifa azichukue yeye? Nikimwambia ukweli, pengine anaona aibu, anarudi kwenye dirisha lake, na miaka iliyobaki ya kurudiana hatuna. Nisipomwambia, nakufa nikiitwa niliyelia. Neema alisema, "Baba, nyamaza tu, kwani umepungukiwa nini?" Nikamwambia nimepungukiwa haki.

Katika hali hiyo ndipo vizibo vyenyewe vikaamua. Cha kushoto kilichomoka siku moja nikipiga chafya, tukakitafuta kwenye maharage niliyokuwa nachambua, hatukukiona, na jioni nilikula yale makande kwa wasiwasi mkubwa. Cha kulia sikuweza kukivumilia. Kiliniwasha, nikasugua. Nilishaahidi nisisugue, ndiyo, lakini mtu aliyeahidi hakuwa na muwasho. Kumbe kikateleza kikaingia ndani ya kile kitundu. Pembe ya jicho ikavimba ikawa nyekundu kama nyanya mbivu, ikatoa usaha, kichwa kinagonga upande mmoja, na machozi juu yake. Binti daktari safari hii hakucheka. Akanipa dawa ya kumaliza usaha kwanza, kisha akaniita, akasukuma maji ya chumvi kwenye kitundu kwa sindano butu mpaka kikatoka. Akanionyesha kwenye pamba. Kidude kile! Nikakitazama kwa jicho moja. Punje ya ulezi, na imenigombanisha na Moshono nzima na kunipatanisha na mtu mmoja. Akasema hatutaweka tena babu, utatumia matone. Nikamwambia hata ukinielekezea bunduki sikubali.

Nilipopona, macho yakarudi ukavu wake wa zamani, mchanga ule ule. Nikafurahi, niamini. Nikasema sasa kaka atanitazama usoni, makavu, nami nitamwambia kila kitu. Nikapanda peke yangu. Nikapita kwa nyuma, kwenye migomba, ndiyo njia ya mkato. Jiko la kaka liko kando ya nyumba, moshi unatokea kwenye mabati, na nilipokaribia nikasikia wanaongea. Mama Joshua alikuwa anamenya ndizi, nasikia maganda yanavyoangukia kwenye beseni.

"Lakini Zefania naye ana moyo," alikuwa anasema. "Kulia vile mbele za watu."

Kaka akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Nani? Zefa? Zefa hakulia hata jembe lilipompasua kidole cha mguu. Alikaa chini akalitukana jembe. Vile ni vizibo vya hospitali. Neema aliniambia pale nje kabla kengele haijalia. Akasema, 'Baba mkubwa, ukimwona baba anatoka machozi usishtuke.'"

Ganda halikuanguka tena. "Ulikuwa unajua? Ukasimama na fimbo yako mbele ya kanisa, unajua?"

"Ningefanyaje, mama? Nimengoja isale naye anangoja isale. Tungezikana na majani yako mtini. Mchungaji alipokosea nikaona, hapa pana njia. Nikapita."

"Na kujisifu kote huku kwa watu?"

"Aa, hiyo ni ya kumchoma kidogo. Mdogo asipochomwa anaharibika."

Nilisimama pale mgombani. Sijui msomaji unadhani nilisikia nini moyoni. Nilikasirika! Nilikasirika kuliko siku ya kabichi. Nimebeba ukweli wangu toka Moshono kama mtu aliyebeba yai, nafika nakuta ameshalila. Na kwamba yeye ndiye aliyetembea, na goti lile, kwenda kwa mtu, huku akijua kabisa kwamba mtu huyo hamlilii. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikakohoa, nikapiga hodi.

"Karibu Zefa. Macho yanaendeleaje?"

"Shikamoo kaka. Makavu."

"Marahaba. Pole sana." Akanitazama kidogo, akasogeza kigoda kwa fimbo. "Kaa ule. Mama Joshua, mpe loshoro, lile la maziwa yaliyolala."

Nikala yale mahindi na maziwa mgando. Akaniuliza kama maji ya juzi yalitosha, nikasema yalitosha. Tangu hapo mpaka anaugua hatukuligusa kamwe jambo la vizibo, na kwa watu aliendelea kusema nililia, nami niliendelea kusema sikulia, akiwepo na asipokuwepo. Ukawa ndio mchezo wetu wa uzeeni.

Sasa turudi turubaini. Wanaume walipoanza kurudishia udongo, kule migombani, upepo ukageuka. Udongo wetu ni mwepesi, wa majivu ya mlima, ukatuingia usoni. Macho yakaniwaka moto. Nikatoa kichupa changu cha matone mfukoni, Neema akanichukulia, akanishika kidevu, akaniwekea tone moja jicho hili na tone moja jicho lile. Nikainamisha kichwa na yakashuka. Yule mwanamke wa nyuma akasema, "Jamani, mzee." Mwenzake akasema, "Mwacheni. Mwacheni alie, ni kaka yake." Mchungaji, yule yule, akaja akaniwekea mkono begani. Mdomo wangu ulishafunguka, neno lenyewe lilishafika kwenye ulimi kwa mazoea.

Matone yalikuwa mawili. Yaliyofika kwenye kola ya shati yalizidi hayo, nami sijui yalitoka wapi, maana daktari alishasema sina. Nikafunga mdomo. Nikawaacha waseme.